Gome la Mzambarau

Mzambarau wetu wa Kanyenye ulipoanza kukauka, sikujiuliza umeugua nini. Nilijiuliza nani kaufanyia nini. Ndivyo nilivyo. Hata chumvi ikiisha mapema jikoni, kwanza namtafuta mtu.

Na mtu nilikuwa naye tayari, ng'ambo ya ukuta. Jirani yetu ni mjane wa rika la mama, wa ukoo wa wafanyabiashara Waarabu waliofika hapa Tabora zamani na misafara, wakabaki. Kanzu nyeupe za wanawe hukaukia kwenye kamba chini ya matawi yetu, na doa la zambarau halitoki. Mara ngapi nilimsikia akisema, "Mti wenu huu, iko siku!" Alikuwa akicheka, lakini mimi niliyashika maneno, kicheko nikakiacha.

Jirani huyohuyo ndiye aliyekuwa akishinda na mama yangu. Mama ana sukari, miguu imekufa ganzi, na macho yanamwonyesha vivuli tu. Mimi asubuhi naondoka kwenda kazini Isikizya, narudi jioni. Jirani aliingia akimwamkia mama kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!", na mama, Mkristo wa Kanisa la Moraviani tangu utotoni, akamjibu "Alaykumu salaam!" Wakacheka kama wasichana. Walichambua mchele, mama kwa kupapasa, wakanywa chai, wakasengenya mtaa mzima. Mama hakuwa na mtu mwingine.

Pamoja na vidonge vya hospitali, mama alikuwa akichemsha gome la mzambarau. Alilibandua kama alivyofundishwa kijijini: upande jua linakochomoza na upande linakozama, basi. Sababu hakuniambia, na nadhani naye hakuambiwa. Macho yalipomzidi, kazi ikawa yangu. Nikakuta pande zile mbili ziko wazi, gome jipya halijaota. Nikaona mti una pande nne, nikachukua kaskazini, na wiki chache baadaye kusini. Kisha, kwa kuwa nawajua watu, nikalizungushia shina viroba na kuvifunga kwa waya, wapita njia wasituibie dawa.

Mvua zilipokuja, mti ulizaa kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Kanzu zikapata madoa, jirani akalalamika, nami nikayaweka malalamiko yake moyoni. Mvua zilipokatika majani yakawa manjano, yakapukutika. Kufikia Agosti matawi ya juu yalikuwa kuni.

Nikaanza kuvizia. Niliuchimba udongo kwa kijiti, nikaunusa. Jumamosi moja asubuhi nikamkuta jirani ameinama juu ya ukuta, anamimina ndoo ya maji meusi kwenye shina letu. Yalikuwa yananuka.

"Unamwaga nini hapo?"

"Leo hata shikamoo hakuna, mwanangu?" akasema. "Nimeloweka samadi ya mbuzi. Mti unanitia huruma."

"Mti uliokuwa unakuchafulia kanzu leo unakutia huruma? Sema umetia nini. Maji ya betri?"

Nilipaza sauti makusudi, mtaa usikie. Kisha nikasema lile ambalo mpaka leo linanichoma: asikanyage tena kwetu, maana anayeua mti wa watu sijui anatia nini kwenye chai ya mama yangu. Aliweka ndoo chini, akanitazama, akaingia ndani.

"We mwana, umemfukuza nani?" mama aliuliza kutoka barazani.

"Nimekulinda," nikamjibu.

Tangu siku hiyo nikirudi jioni nilimkuta mama pale pale nilipomwacha asubuhi, uji umeganda kwenye bakuli. Hakunigombeza. Niliona ukimya wake, nikajiambia ndio usalama huo.

Nilitaka ushahidi. Wiki kadhaa baadaye nikamleta bwana shamba tunayefanya naye kazi, nikamwonyesha udongo karibu na ukuta. Akaufikicha vidoleni.

"Samadi hii," akasema. "Safi kabisa. Na hivi viroba vya nini?"

Akakata waya. Shina lilikuwa tupu mzunguko mzima, na ukingo wa gome lililobaki juu ulikuwa umevimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki.

"Nani kauvua shati mti huu?"

"Ni dawa ya mama," nikasema. "Gome si ngozi tu? Mbona ulikaa kijani msimu mzima?"

"Maji yanapanda ndani, kwenye mti wenyewe. Hiyo njia hamkuigusa, ndiyo maana ukabaki kijani. Lakini mizizi haipiki. Chakula kinapikwa kwenye majani, kwa jua, hewa na hayo maji, halafu kinateremka kwa kupitia gome. Mngeacha hata kipande kimoja cha kupitia, pengine ungepona. Hapa mmefunga njia yote. Mizizi imekufa njaa huku inawapelekea wa juu maji."

"Na zile zambarau zote?"

"Chakula kilikosa pa kushukia, kikaishia kwenye matunda."

Nikatazama shina. Mama na desturi yake walikuwa wameacha njia mbili, kaskazini na kusini. Mimi ndiye niliyezimaliza, nikafunika kwa viroba ili mwizi asione. Niliona aibu hata kumuaga yule bwana vizuri.

Jioni ile nikabisha hodi kwa jirani. Alifungua, hakusema karibu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kizingitini: gome, viroba, mizizi. Nikamwomba radhi kwa ajili ya samadi, na kwa ajili ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na kwa kweli nilitamani anitukane, ingenipunguzia mzigo.

Aliniuliza jambo moja tu.

"Mchana mama anashinda na nani?"

"Hana mtu."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Aliponyamaza hakuniambia kama amenisamehe, wala sikuthubutu kuuliza. Akavaa ndala zake, akanipita pale mlangoni, akaelekea kwetu.