Pak Uju na Ua la Mzoga

Pak Uju Sukarya, yaani Bwana Uju, hakuwahi kupenda mmea hata mmoja. Alipenda usafi. Aliletwa kwenye bustani yetu ya mimea, huku milimani Java Magharibi, kwa sababu baba mkwe wake alijuana na wakubwa, akapewa kutusimamia sisi watunzaji. Tangu hapo kazi yetu ikawa kufagia.

Majani yaliyoanguka, ambayo siku zote tuliyaacha yaoze chini ya miti, yeye aliyaita takataka. Tukafagia mpaka ardhi ikawa ngumu kama saruji. Mvua zikaja, udongo ukateremka nazo, miti ya kale ikaanza kukauka kuanzia juu. Pak Uju hakutazama juu. Alitazama nyasi za mbele ya lango, maana hapo ndipo wageni hupiga picha kabla ya kurudi kwenye mabasi yao. Alikuwa na kitana mfukoni na jibu mdomoni, na vyote viwili alivitoa bila kuombwa.

Mwaka huo ua la mzoga likachanua. Kiazi chake hukaa ardhini miaka mingi, kisha hutoa ua moja refu kumpita mtu, linalonuka kama nyama iliyooza. Baada ya siku mbili huanguka, basi. Watu hutoka mbali, hata mjini Bandung, watoto mgongoni, kuja kulinusa. Mwenzangu Ceu Imas, yaani dada Imas, alikilea kiazi hicho tangu kikiwa kama ngumi.

Asubuhi hiyo Pak Uju alikuja ameziba pua.

"Ceu, limwagie ile sabuni ya sakafu, ya limau. Mke wa mkuu wa wilaya yuko njiani."

"Pak, ndivyo linavyonuka. Watu wanafuata harufu hiyo hiyo."

"Nani mwenye akili zake atoke kwake kwenda kunusa mzoga?"

"Huyo huyo mke wa mkuu wa wilaya."

"Sasa utanifundisha kupokea wageni wewe?"

Ceu Imas akatua ndoo, akakunja mikono. "Mwaga mwenyewe, Pak. Mimi simo."

Akamwaga mwenyewe. Alipanda ngazi na viatu vyake vya kung'aa, akamimina ndoo nzima katikati ya ua, akashuka akijifuta mikono kama daktari aliyemaliza upasuaji. Ua lilianza kulegea hata kabla mgeni hajafika.

Mke wa mkuu wa wilaya alikuja na mashoga zake, kila mmoja na leso mkononi, wanacheka kama wasichana wa shule. Akainama, akavuta pumzi. Kicheko kikakatika.

"Mbona linanuka kama choo cha hoteli?"

"Tumeliboresha, Bu," akasema Pak Uju.

Yule mama alimtazama kwa muda, kuanzia nywele zilizochanwa mpaka viatu. "Nimeamka alfajiri kwa ajili ya uvundo," akasema. "Limau ninalo jikoni." Akageuka, na mashoga zake nyuma yake.

Sabuni ikashuka hadi kwenye kiazi. Tulipokifukua kilikuwa uji mtupu. Ceu Imas alikichota kwa koleo, machozi yakimtoka, na Pak Uju akasimama pembeni akieleza kwamba ni ukungu uliokiozesha, kwamba ukungu hauna adabu mwaka huu.

Msidhani alifukuzwa. Watu wa aina yake hawafukuzwi, husogezwa. Walimsogeza kwenye maegesho ya mabasi, wakampa filimbi. Na kinachoniudhi ni kwamba ana furaha. Juzi nilipita nikamkuta amechora mistari mipya chini, anaipuliza filimbi yake mbele ya uwanja usio na gari hata moja.

"Umeona?" akaniambia. "Huku hakuna kinachooza."

Nikamwambia nimeona, nikaenda zangu kumsaidia Ceu Imas kurudisha majani chini ya miti.