Msiba wa Baba kwa Kiingereza

Nilikuwa kidato cha tatu, Shinyanga mjini. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametusomesha hadithi fupi muhula mzima, kisha akasema sasa tuandike insha za maisha yetu. "Hadithi mnaweza kutunga," alituonya. "Insha hii hamtungi."

Nikaandika habari ya msiba wa baba. Nilipokuwa darasa la tano zilitufikia habari kutoka Mwakitolyo kwamba duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, limetitia na baba yumo ndani. Watu wakajaa nyumbani. Mama akakalishwa kwenye mkeka. Kabla matanga hayajaanuliwa, baba akaingia uani kwa miguu yake, kakonda, akasema wenzake walimfukua.

Mwalimu aliniita ofisini. "Umeandika vizuri, lakini hii ni hadithi."

"Ni kweli, mwalimu."

Kikao cha wazazi kilipofika, baba alikuja. Mwalimu akamwamkia, kisha akamuuliza habari za lile shimo. Mimi nimesimama pale pale.

Baba akacheka. "Hapana, mwalimu. Siku ile sikuwamo. Nilikuwa nimekwenda Geita kutafuta machimbo mengine, na simu ilizima."

Mwalimu akanitazama. Mwaka hadi mwaka nimemsikia baba akiwasimulia wageni giza la mle ndani, na jinsi alivyokuwa akigonga jiwe ili asikike.

Njiani nikamuuliza, "Baba, mbona nyumbani ulisema walikufukua?"

"Mayu," akasema, ndivyo alivyotuita sisi mabinti zake, "nilikuta watu wameshalia. Mama yako kanyolewa nywele kama mjane. Ningewaambia nilikuwa Geita?"

Sikujua nimwamini baba yupi, wa ofisini au wa nyumbani. Huenda alimdanganya mwalimu tu, kwa aibu ya kuhojiwa mbele yangu.

Jioni nilimkuta mama anapepeta choroko. "Mama, baba alifukiwa kweli?"

"Alirudi," akasema, akaendelea kupepeta.

Kesho yake mwalimu alinirudishia insha niiandike upya. Nilimuuliza niandike lipi. Akafikiri, akasema niandike nilichokiona mwenyewe. Nikafuta shimo, nikafuta na Geita. Nikabakiza mkeka, kichwa cha mama, na mtu anayeingia uani huku wanawake wakikimbia wakipiga mayowe. Akanipa alama nzuri. Hata leo nikiulizwa kama ile ilikuwa insha au hadithi, sijui nijibu nini.