Mtelezo wa Zuhura

Enzi zetu, enzi za Mdachi, sisi watoto wa machimboni tulijulikana kwa magoti: hakuna aliyekosa kovu. Kambi yetu ilikuwa juu ya kilima cha mawe, kutoka Dodoma ukielekea Mvumi. Masika mbuga ilijaa maji pande zote, kilima kikawa kisiwa, nasi tukala ugali wa uwele kwa mlenda mkavu mpaka maji yapungue. Baba zetu walivunja mawe ya reli. Sisi tulicheza mdako kwa vipande vilivyobaki, na jioni tulinuka vumbi na baruti kama wao.

Lakini mchezo wa michezo ulikuwa kuteleza. Unakalia kipande cha ngozi ya ng'ombe, unajiachia kwenye mwamba laini, huyooo mpaka chini! Bingwa alikuwa rafiki yangu Zuhura, Mrangi wa Kondoa. Mama yangu hakuchoka kumwambia, "We mtoto, utakuja kuvunjika shingo!"

Siku moja nyapara akapiga pembe: baruti inawashwa. Tukakimbilia bondeni. Kutazamana, Zuhura hayupo! Alikuwa amerudi juu kufuata ngozi yake, na utambi umeshashika moto. Mama akatupa kibuyu cha togwa, akapanda mbio akipiga kelele, "Zuhura! Shuka, mwanangu! Shuka!" Baba akamkamata kiunoni, wakavutana.

Zuhura akaitazama njia, akaona ni mbali. Akaikalia ngozi, akajitupa upande wa magenge, ambako hata wavulana hawakuthubutu. Tuliona vumbi tu. Kisha kishindo, na mawe yakanyesha.

Vumbi lilipotulia tukamkuta amejibanza chini ya jiwe kubwa, kaniki imechanika, anacheka huku analia. Mama akamkumbatia. Halafu akakata fimbo, akamchapa. Akanichapa na mimi, mpaka leo sijui kwa kosa gani! Mama yake Zuhura aliporudi kutoka kisimani na kusikia habari, alimshika mama yangu mikono, akasema, "Ahsante, dada. Umenilelea."

Wajukuu zangu wa hapa Kikuyu, Dodoma mjini, mtu akichubuka kidole anataka hospitali. Nawacheka sana. Wana viatu, wana shule, hawajui baruti, na kwa hilo nashukuru. Ila siku hizi mtoto akilia njiani, watu huuliza kwanza, "Ni wa nani huyo?"

Enzi zetu hakuna aliyeuliza.