Muuguzi Anayebana Pumzi

Kwa muuguzi wa chumba cha vidonda, hata ukija na kidole utaulizwa habari za mapafu. "Unakohoa? Unavuta ngapi kwa siku?" huku mikono yake ikifunga bendeji bila hata kuitazama. Ndivyo alivyonaswa fundi seremala: alikuja na kidole kilichokatwa na msumeno, akaondoka ameahidi kuacha sigara. Siku hiyo alipuliza kibomba cha kupimia nguvu ya pumzi, mshale ukagota mia mbili. Wakati huo alikuwa hamalizi kukata ubao mmoja bila kukaa chini kuhema. Muuguzi akachora alama ya kulenga kwenye mia tatu. Leo, wiki kumi na moja baadaye, fundi amerudi, na muuguzi anampa kibomba. "Haya baba, zima mshumaa wa jirani!" Mtu akipuliza, muuguzi naye husimama juu ya vidole vya miguu, mashavu yamejaa, amebana pumzi. Fundi anapuliza. Mshale unaruka, unaipita alama! Foleni nzima mlangoni inashangilia, ila muuguzi macho yamemtoka, mashavu bado yamevimba. Fundi anamgusa bega. "Dada, mimi nimemaliza. Sasa pumua wewe."