Swichi ya Pinga Iliyodhani Mchana ni Usiku

Kazi ya kompyuta nilifundishwa na mama mmoja wa Butembo, mwenye duka pale Kitshanga, na kila nikimkumbuka namwombea mema. Tulifika Kitshanga tukiwa tumekimbia. Nyumbani kwetu ni vilima vya Masisi, kwa wakulima wa maharage na mihogo, na siku vita ilipopanda hadi shamba letu tulishuka na magodoro kichwani. Wazazi wangu walipata kibanda kambini. Mimi nilizunguka soko nikiuliza kazi, na yeye peke yake ndiye aliyeniuliza swali badala ya kunifukuza.

“Dada, unajua kusoma Kifaransa?”

“Najua, Mama. Nilimaliza sekondari.”

“Basi ingia. Shika ile kiti.”

Duka lake lilikuwa na vitenge na sabuni mbele, na nyuma kulikuwa na chumba cha kompyuta ambapo watu walikuja kuandika barua za kazi na kuzungumza na ndugu zao wa mbali. Kompyuta zote ziliungana kwenye kisanduku cha chuma chenye matundu mengi, swichi. Waya mmoja unatoka kwenye antene, unaingia humo, na swichi inaigawia kila kompyuta sehemu yake. Swichi nyingi hazina la kuambiwa. Unachomeka waya na mambo yanakwenda. Ya kwake ilikuwa ya aina nyingine, ile inayopokea amri. Unafungua ukurasa wake kwenye kompyuta, unaiambia tundu lipi liwe wazi, lipi lifungwe, na saa ngapi. Mama alikuwa ameiamuru ifunge matundu ya wateja jua likizama, ili watu watoke bila yeye kugombana nao.

“Hii mashini haina kichwa ngumu,” aliniambia siku ya kwanza aliponionyesha. “Inafanya tu kile umeiambia. Ukiona inafanya vibaya, ujue kuna muntu aliiambia vibaya, ao saa yake imepotea. Na ukibadilisha kitu, usifinye ‘enregistrer’ mbiombio. Onaka kwanza kama inatembea. Kisha njo uhifadhi.”

Alinifundisha hivyo kwa miezi mingi, kwa sauti ileile aliyotumia kumfundisha mteja kuchagua kitenge kisichochuja. Jumapili alikwenda misa asubuhi na mimi nilibaki na ufunguo. Hakuwahi kunipekua mfuko. Vita ilipoingia Kitshanga yenyewe, duka lilivunjwa, na yeye akarudi kwao na kile alichoweza kupakia. Tuliagana barabarani katikati ya pikipiki na ng’ombe waliokuwa wakikimbizwa. Alinishika mabega akasema, “Kazi unayo mu kichwa. Hiyo hawataiba.”

Kwa hiyo kazi ya kichwani nilipata nafasi katika hospitali ndogo ya Pinga, kaskazini mwa Walikale, kuwa mwandishi wa biro, yaani ofisi, na mlinzi wa mashine. Nilifika huko kwa pikipiki, nimelowa tope hadi kiunoni. Hospitali ilikuwa na daktari mmoja, kijana mpole aliyependa kuimba akinawa mikono, wauguzi wachache, na antene ya kuelekea angani iliyoletwa na wafadhili. Minara ya simu za kawaida ilikuwa imezimika tangu mafuta yalipokosa kupita njiani. Simu pekee iliyofika Goma ilikuwa ile ya biro ya daktari, na yenyewe ilipitia kwenye antene na swichi.

Fundi aliyetufungia mitambo alikuwa ameipangia swichi ratiba: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni matundu yawe wazi, usiku yafungwe, ili betri za sola zisichoke. Kabla ya kuondoka alinifanya niikariri kode ya kuingilia. “Njia ikifungwa sitafika,” alisema, “lazima muntu wa hapa ajue.” Namshukuru na yeye.

Njia ilifungwa kweli. Kisha ikaja mvua isiyokatika, mawingu yakakaa juu ya Pinga kama kifuniko cha sufuria, betri zikaisha kabisa na kila kitu kikazimika. Jua liliporudi taa ziliwaka tena, lakini simu ilikuwa kimya. Kompyuta zilisema hakuna mtandao. Tulichomoa nyaya zote na kuzirudisha. Tulifuta vumbi. Wengine walisema risasi imepiga antene, wengine walisema wenye silaha wameziba anga. Kila asubuhi daktari aliinua mkono wa simu, akasikiliza, akaurudisha taratibu. Jioni tulifunga biro mapema kwa ajili ya usalama, kila mtu akaenda kwake.

Asubuhi moja milio ya risasi ilianza kwenye kilima cha upande wangu kabla hakujapambazuka. Nilikimbilia hospitalini kama watu wengi, na kwa kuwa nilikuwa na ufunguo nikaingia biro nikajikalia sakafuni, mgongo ukutani. Hapo ndipo nikaona swichi. Taa zake zilikuwa zinameta, za kijani, nyingi! Nilifikiri macho yananidanganya. Kulipoanza kuwa kweupe nikasimama nikaishika simu, na kabla sijaifikisha sikioni taa zikazimika mbele yangu, karibu zote kwa mpigo mmoja. Ilibaki ya tundu la kwanza tu.

Wakati huohuo walifika na mgonjwa. Wanaume wanne walikuwa wamembeba kwa tipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea begani, wametembea wakikwepa njia kubwa. Alikuwa mke wa mkulima, mimba imekomaa, na alikuwa anatoka damu. Mama mkwe wake alimfuata nyuma akiwa ameshika kitambaa kilicholowa. Daktari alimpima, akatoka, akanikuta mlangoni mwa biro.

“Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto,” alisema. “Damu imepungua kidogo, lakini itarudi. Lazima apasuliwe, na mimi sina damu ya kumuongezea, sina dawa ya kumulaza. Helikopta ya Goma ingekuja leo angepona. Dada, antene imekufa kabisa?”

“Hapana, Dokta. Antene iko muzima. Swichi njo inafunga. Nimeiona saa hii, ilikuwa wazi, kisha ikafunga yenyewe.”

“Asubuhi?”

“Kulipokucha tu.”

Aliniangalia, nami nikamwangalia. Nilikuwa nasikia sauti ya yule mama wa Butembo kichwani: ao saa yake imepotea. Nikamuuliza, “Ile siku jua lilirudi, taa ziliwaka saa ngapi?”

Alifikiri. “Saa sita ya muchana. Nakumbuka, tulikuwa tunaanika mashuka.”

Ndipo tukaelewa wote wawili kwa pamoja, na daktari akapiga paji lake kwa kiganja. Swichi ikikosa umeme inasahau saa. Ikiamka inaanza kuhesabu upya kutoka saa sita ya usiku. Yetu iliamka saa sita ya mchana, ikadhani ni usiku, na tangu hapo ilikuwa inatufungia mchana kutwa na kutufungulia usiku, wakati biro imefungwa na Goma hakuna wa kuitika.

“Unaweza kuitengeneza?”

“Naweza kujaribu.”

“Jaribu. Mimi narudi kwa mama. Helikopta inaombwa asubuhi. Mawingu yakishuka hawaruki.”

Nilichomeka waya wa kompyuta kwenye tundu la kwanza, ambalo fundi alikuwa ameliacha nje ya ratiba kwa ajili yake mwenyewe. Ukurasa ukafunguka. Niliingiza kode, nikatafuta mahali pa saa. Ilikuwa imeandikwa jioni ya mwaka wa zamani, mwaka wa kiwandani labda. Nje ilikuwa asubuhi na jogoo wanawika. Niliandika tarehe ya kweli na saa ya kweli, nikathibitisha. Taa zikawaka. Nilipiga kelele kidogo, na yule mama mkwe, aliyekuwa ameketi kizingitini na rozari yake, akainua uso.

“Mwanangu, hiyo sanduku njo itaita ndege?”

“Njo tunatafuta, Mama. Endelea kuomba.”

Nikajiambia, saa ya kuandika kwa mkono itapotea tena betri zikiisha. Ukurasa ulikuwa na sehemu ya kuiambia swichi iulize saa kwenye mtandao kila inapoamka. Nikaiwasha. Ikauliza, ikajibiwa, na taa za matundu mengine zikazimika tena.

Nilisogeza kiti. Nilisoma ukurasa tena, polepole, kidole kwenye kioo. Saa ya swichi ilikuwa nyuma ya yangu kwa saa nzima. Ilikuwa imewekwa kwenye majira ya Kinshasa! Kinshasa hawajafika saa kumi na mbili bado, wamelala, na swichi ikatii usingizi wao. Sisi wa mashariki tunafuata saa ya Lubumbashi. Nikabadilisha eneo, saa ikaruka mbele, taa zikarudi.

Lakini simu ilikuwa bado kimya. Katika zile siku za kuchomoa na kuchomeka tulikuwa tumeuingiza waya wake kwenye tundu ambalo fundi alilizima moja kwa moja. Nilifungua orodha ya matundu ili niliwashe, nikiharakisha maana milio ilikuwa imeanza tena, na nikabonyeza mstari usio wake. Nikazima tundu la kwanza. Ndilo lililokuwa na waya wa kompyuta yangu. Ukurasa ukaganda, ukasema hauoni kitu. Nilikuwa nimekata tawi nililokalia.

Nilikaa pale nimeduwaa. Mama mkwe aliinuka kizingitini. Akaja akaweka mkono wake mgongoni kwangu, mkono mzito wa mtu wa jembe, akauacha hapo. Sijui alijuaje. Kwa joto la mkono ule nikapata pumzi, na pamoja na pumzi nikakumbuka kwamba sikuwa nimehifadhi chochote. Onaka kwanza kama inatembea. Yote niliyobadilisha yalikuwa bado hewani, hata lile kosa. Ningeikatia swichi umeme, ingeamka kama fundi alivyoiacha.

Nikachomoa waya wa umeme, nikangoja, nikarudisha. Tundu la kwanza likawaka. Saa ilikuwa imepotea tena, bila shaka, lakini sasa njia niliijua. Tarehe. Saa. Saa ya Lubumbashi. Uliza mtandao. Taa zikawaka na kubaki zimewaka. Safari hii sikugusa orodha ya matundu. Niliuhamisha tu waya wa simu kwenye tundu lililo wazi, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa na utulivu. Kioo kidogo cha simu kikawa cha buluu. Niliuinua mkono wa simu nikasikia ule mlio mrefu, na hapo ndipo nikafinya kuhifadhi.

“Dokta! Dokta, njoo!”

Alikuja mbio na glavu mkononi. Akapiga Goma. Biro ya ndege ikaitika. Alizungumza Kifaransa haraka, akataja damu, akataja mahali, akataja uwanja ulio karibu na shule, akasikiliza, akasema “merci” mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipoweka simu chini macho yake yalikuwa mekundu.

“Wanakuja. Wanasema tukawashe moshi ili waone upepo.”

Milio kilimani ilinyamaza kabla ya saa nne. Kwa nini, sijui, na nimeacha kuuliza. Wale wanaume wanne waliinua tena tipoyi. Tulimsindikiza yule mama uwanjani, daktari kando yake ameinua chupa ya maji ya mshipa. Nyasi mbichi tuliyoichoma ilitoa moshi mweupe mwingi ukatuingia machoni. Helikopta ilipotua kanga za wanawake zilipeperuka na watoto wakalala chini kwa hofu. Mgonjwa alipopitishwa mbele yangu alinitazama, lakini alikuwa mbali, sidhani kama aliniona. Mama mkwe alipanda naye. Alikuwa hajawahi kupanda hata gari.

Jioni ile kabla hatujafunga biro, simu iliita. Niliipokea mwenyewe. Sauti ya muuguzi wa Goma iliuliza, hapo ni Pinga? Ikasema mama amepasuliwa, yuko hai, mtoto ni wa kike, analia vizuri. Nilimwomba arudie, ili nimwekee daktari simu sikioni. Akarudia.

Nilikaa Pinga hadi njia ilipofunguka. Baadaye nilitumwa vituo vingine, hadi Itebero, ambako unatembea msituni mpaka unasahau ulikuwa unaenda kufanya nini. Kila mahali nilikuta mtu wa kunipikia na wa kunionyesha njia. Kabla sijaondoka Pinga, yule mwanamke na binti yake walirudi kwao wakati wa kupanda maharage. Walipita hospitalini, mtoto amefungwa mgongoni mwa bibi yake, amelala fofofo. Bibi alimfungua, akaniwekea mikononi, akaenda kumtafuta daktari. Nilisimama uani na yule mtoto, mzito, anatoka jasho shingoni, nikiogopa kusogea nisije nikamwamsha.