Alama ya Hasi, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mtaani walimwita Dada Kopi. Aliacha shule ili mdogo wake asome, na tangu hapo kazi yake ni kuchapa tasnifu za wanachuo, kwenye kiduka chenye printa mbili, moja ina kikohozi. Sasa ukichapa fizikia miaka tisa, yaani hata usipotaka, inakuingia. Na yeye alitaka.

Asubuhi hiyo mdogo wake alileta tasnifu yake mwenyewe. Saa nane mchana anaitetea mbele ya maprofesa. "Dada, chapa tu," akasema, "usihangaike kuelewa." Kwenye shukrani alimtaja mama, maprofesa, mpaka paka. Dada Kopi hayumo.

Wivu ukampanda. Akachapa kwa vidole vya hasira: opereta yuniteri, inayogeuza hali ya chembe huku uwezekano wa kila tokeo ukibaki vilevile, kama kuizungusha. Halafu anti-yuniteri, nayo haigusi uwezekano, ila kila i, kile kipeuo cha pili cha hasi moja, ikipita hapo inatoka hasi i. Kurudisha muda nyuma ni ya aina hii ya pili.

Ukurasa wa arobaini na moja, vidole vikaganda. Msomi wa familia karudisha muda nyuma, i kaiacha vilevile, kama vile anazungusha tu. Kwa hesabu hiyo nishati inageuka hasi, chembe inaporomoka wala haifiki chini.

Akacheka peke yake. Akinyamaza, saa nane inamaliza kila kitu, na mama anaacha kuwaambia majirani "mwanangu profesa". Utamu ulioje. Lakini akinyamaza, nani atajua kwamba yeye alijua? Hilo lilimwasha zaidi. Akapiga simu.

"Arobaini na moja. I yako haijageuka."

"Nani kakwambia?"

"Printa."

Mdogo akaja mbio, akasoma amesimama, jasho likimtiririka. Akakaa kiti cha wateja. "Dada, nielekeze hapo."

"Panga foleni. Kuna mtu na kitambulisho chake."

Akatoa kopi ya kitambulisho polepole, mbele na nyuma, ndipo akamwelekeza. Na kwenye shukrani akajiweka mwenyewe, juu ya paka.

Saa tisa na nusu ujumbe ukaingia: amepita, na swali la kwanza lilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Dada Kopi akausoma mara tatu. Halafu akaipiga kofi ile printa ya kikohozi. Angeulizwa yeye, angejibu vizuri zaidi.