Ugali wa Bibi Nakiete

Najua mmeshasikia, maana Same hakuna siri, lakini mliyoyasikia yametiwa chumvi, kwa hiyo nawasimulia mwenyewe na anayetaka kucheka acheke: ni kweli, nilimwaga ugali wa bibi wa watu mbele ya kina mama wa kanisa.

Kazi yangu mnaijua, tiba kwa vitendo, yaani aliyepooza tunamfundisha upya kufanya shughuli zake mwenyewe. Basi nilipewa mwanafunzi wa kumsimamia, Ingrid, kutoka Norwei, nikapanda naye mlimani, kijiji cha Vudee, kwa Bibi Nakiete, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto. Njiani Ingrid akaniuliza tutaanzaje, nikamjibu (kwa kiburi, nakiri), "Wewe tulia utazame. Mimi ni Mpare, huyu bibi namjua kabla sijamwona. Mwanamke wa huku anataka jiko lake."

Tukakuta kina mama wamekuja kumwombea, wamejaa jikoni. Vizuri, nikasema moyoni, waone kazi. Nikamkalisha bibi kwenye kigoda mbele ya sufuria ya ugali, nikamshikisha mwiko, anasita, namhimiza, anaguna, namhimiza tena, na alipouweka chini nikachuchumaa nimwonyeshe kusonga kwa mkono mmoja (mimi ambaye nyumbani napikia gesi!), sufuria ikateleza kwenye mafiga, ugali ukaishia majivuni, nami nikakaa chini pwaa, moshi machoni, sketi imepasuka nyuma.

Ingrid akainama mbele ya bibi, na Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Shikamoo, bibi. Wewe unataka kufanya nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Afadhali umeniuliza! Nimepika tangu niolewe, sasa wapike wakamwana. Mimi nataka kumkamua ng'ombe wangu."

Kina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi bado niko chini. Swali lile ndilo la kwanza kabisa katika kazi yetu, na mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha Ingrid!

Nikampa alama za juu, na kwenye ripoti nikaandika yote, mpaka sketi. Mkubwa wangu akaniita: "Mama, unajidhalilisha. Futa hii." Sikufuta, na sifuti. Aibu ni yangu, nitaibeba nikiwa nimenyoosha shingo. Ila kusema namjua mtu ambaye sijamuuliza, hata tuwe tumezaliwa kitongoji kimoja, hapana, sirudii.

Nanyi mkiisimulia msiishie kwenye majivu. Semeni na hili: Bibi Nakiete sasa anakamua mwenyewe, kwa mikono yote miwili.